Malengo ya mbio kwa mwaka mpya: mwongozo kwa sisi wa Chamazi, Mbande na Mbagala

Haya wadau, mwaka ndio huo unayoyoma na kila mtu ana orodha yake. Kuna wa kuacha sigara, kuna wa kununua kiwanja, na kuna sisi wa mbio. Kila Desemba swali ni lile lile: "Bro, mwakani nataka nianze kukimbia, nianzie wapi?" Nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa kwa kinyozi, nimeulizwa hadi msibani. Kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nampa linki. Kama uko kafe na dakika zinakatika, nakili uweke kwenye flashi ukasome nyumbani, maana si fupi.

Kwanza nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma, usiku wa tarehe 31 Desemba, niliandika kwenye daftari kitu kimoja tu: "21". Yaani nusu marathon ya Moshi, zile mbio za Kilimanjaro Marathon zinazofanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nilikuwa na wiki nane. Kilomita 5 mfululizo nilikuwa sijawahi kukimbia, mimi nilikuwa mtu wa ndondo tu, dakika kumi uwanjani halafu naomba kutoka. Sasa kwa asiyejua, njia ya nusu marathon kule inapanda kuelekea Mweka, unapanda weee, ndipo unageuka kushuka. Kufika kilomita ya 9 nilikuwa natembea, vizee vinanipita vinanipa pole. Nilimaliza kwa saa 3 na ushee. Medali nikavaa, picha nikapiga, goti likavimba. Hilo goti likaniweka benchi mpaka Julai.

Lakini yangu ilikuwa afadhali. Mshkaji wangu wa Mbande, tulikuwa tunajifua wote Januari ile. Jumapili moja akachelewa kuamka. Ratiba inasema kilomita 12, naye akasema haipiti. Akatoka saa 4 asubuhi, jua la Januari mnalijua, tumboni hamna kitu. Akaanguka barabarani. Vijana wa bodaboda ndio waliomwona, wakamvuta kivulini, wakammwagia maji, wakampakia kumkimbiza zahanati. Nilipofika alikuwa anaongea maneno ambayo hayaeleweki na mama yake analia mlangoni. Alipona, namshukuru Mungu. Ila kitu kilichokuwa kimemtoa nyumbani saa 4 ile ni lengo, tena lengo nililomwandikia mimi.

Ndiyo maana kwenye suala hili sitaki utani.

JUA ULIPO KWANZA

Watu wengi wanaandika wanapotaka kufika, hawaandiki walipo. Ni kama kupanda gari bila kujua uko kituo gani. Kabla ya kuandika chochote, jipime. Kipimo rahisi ni cha dakika 12. Kilitangazwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani: unakimbia dakika 12, unapima umefika umbali gani. Basi. Ukichoka tembea, lakini usisimame.

Utapimia wapi? Azam Complex tunaiona kila siku, ila ule si uwanja wa kuingia tu na kandambili zako. Tafuta uwanja wa shule au wa ndondo. Uwanja kamili wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Mizunguko mitano ni mita 1,730, sita ni mita 2,076, saba ni mita 2,422. Viwanja vyetu vingi si kamili, kwa hiyo hesabu hatua zako kwanza: pima hatua moja ya kawaida kwa futi ya fundi, zunguka uwanja ukihesabu, zidisha. Haitakuwa sahihi kwa sentimita, lakini ukirudi mwezi wa sita kwenye uwanja ule ule utajua kama umesonga au umebaki pale pale. Hicho ndicho unachokitaka.

Kama ndani ya dakika 12 hukufika hata mita 1,600, usijali, ila lengo lako la kwanza la mwaka lisiwe mashindano yoyote. Liwe kukimbia dakika 30 bila kusimama. Hilo peke yake ni lengo la heshima. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida anayetoka mara tatu kwa wiki, miezi mitatu inatosha, na hakuna kiingilio.

Na kama una pumu, presha, selimundu, au kifua kinakubana ukipanda ngazi, pitia hospitali kabla. Kupima presha hakuchukui hata robo saa.

LENGO LA AINA GANI?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kuna lengo la nafasi (niwe wa ngapi), lengo la muda (nitumie dakika ngapi) na lengo la kazi (nitoke mara ngapi kwa wiki). Yote ni malengo, ila hayalingani.

Chukua Juma Ikangaa. Boston Marathon mwaka 1988 alikuwa wa pili nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein. Walitofautiana sekunde 1! Mwaka 1989 akarudi Boston, wa pili tena. Mwaka 1990 akarudi, wa pili tena. Kama lengo la mtu ni "kuwa wa kwanza Boston" basi huyu bwana ni wa kushindwa miaka mitatu. Lakini katikati hapo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu mpaka 2001. Mguu ni ule ule, mtu ni yule yule. Nafasi inategemea nani mwingine kaamka vizuri siku hiyo, wewe huna mamlaka nayo.

Muda je? Nao una ujanja wake. Alphonce Simbu alikimbia Boston Aprili 2025 kwa saa 2:05:04 akawa wa pili. Septemba 15 mwaka huo huo akakimbia mbio za dunia Tokyo, kwenye joto na unyevu, kwa saa 2:09:48. Karibu dakika 5 nyuma ya muda wake wa Boston, na akachukua DHAHABU, ya kwanza kabisa kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda sawasawa, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Nilivyoangalia ile video kwa jirani nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Sasa ungemwambia Simbu kwamba amefeli kwa sababu saa yake imerudi nyuma?

Joto linakula muda. Ukikimbia kilomita 5 Chamazi mwezi wa pili kwa dakika 31 na binamu yako wa Mbulu akakimbia kwa dakika 29, usilie, hamko kwenye hewa moja.

Kwa mtu wa kawaida mimi nasema lengo kuu liwe la kazi. "Nitatoka mara 3 kwa wiki, wiki 40 kati ya 52." Hilo ni lako mwenyewe, halitegemei mvua ya Boston wala Mkenya. Muda liwe lengo la pembeni. Nafasi waachie akina Simbu.

KALENDA YETU SI YA ULAYA

Ukisoma ratiba za kwenye intaneti utaona zinaanza Januari taratibu, mwezi wa nne mtu yuko moto. Hizo zimeandikwa na watu ambao Januari kwao ni barafu. Sisi Januari ni tanuri. Kuiga ratiba hiyo ndiko kulikomwangusha mshkaji wangu, na ukiniuliza mimi, ndiyo sababu ya kwanza watu wa Dar wanaacha mbio kabla ya Machi.

Januari mpaka Machi mchana unafika nyuzi 31 mpaka 33, na usiku haushuki sana. Shida si joto peke yake, ni unyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na hewa ikiwa imejaa maji halikauki, linadondoka tu bure. Kwa hiyo miezi hii ni ya kujenga mazoea. Mbio fupi, mwendo wa kuongea, yaani ukikimbia uweze kumsimulia mwenzio mechi ya jana bila kuhema. Ukishindwa kuongea, punguza. Toka saa 11 alfajiri, saa 1 asubuhi uwe umesharudi. Na lazima iandikwe kwenye lengo lenyewe: nikichelewa kuamka, siendi. Siku moja iliyopotea haimuui mtu.

Ramadhani nayo ipangie mapema. Mwaka 2026 na 2027 inaanza Februari, ndani ya joto lile lile, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama 10 au 11. Kwa anayefunga, mwezi huo lengo ni kutunza ulichonacho, si kuongeza. Wengine wanakimbia dakika 20 tu kabla ya futari, ili ukimaliza maji yako mbele yako. Wengine wanatoka baada ya tarawehe. Chagua moja, lakini usikimbie mchana mkavu umefunga, tafadhali sana.

Machi mwishoni mpaka Mei ni masika. Njia za ndani zinakuwa madimbwi, utelezi, na mashimo yamefunikwa na maji huyaoni. Watu wengi wanapotea hapa. Ushauri wangu: andika kabisa kwamba masika utafanya kazi ya ndani siku moja au mbili kwa wiki. Kuruka kamba, kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi. Na masika ina malaria. Una homa? Hukimbii. Nenda kapime. Ukimaliza dawa jipe wiki ya kutembea tu kabla ya kurudi.

Juni mpaka Agosti, hii ndiyo dhahabu yetu! Kipupwe. Alfajiri nyuzi 19 au 20, upepo wa kusini, mwili wenyewe unataka kukimbia. Kama una lengo la muda, liweke hapa. Kama utaongeza umbali, ongeza hapa. Mtu aliyetunza mazoea tangu Januari akifika Juni anashangaa miguu imetoka wapi.

Mbio za kulipia nazo nyingi ziko upande huu wa mwaka. NBC Dodoma Marathon hufanyika Julai, CRDB Marathon hapa Dar ni Agosti, Rotary Dar Marathon ni Oktoba. Tarehe kamili uliza waandaaji, usiniulize mimi. Kumbuka tu zile za mjini huanza asubuhi na mapema, na kutoka Chamazi si karibu. Lala kwa ndugu, au mchangie usafiri mapema na wenzio. Nimeshaona watu wamelipia, wamechukua na fulana, wamekwama kituoni siku yenyewe.

Novemba na Desemba vuli inapita na joto linarudi. Punguza, pumzisha magoti, andika malengo mapya.

HESABU KIDOGO

Ukishajua muda wako wa kilomita 5 unaweza kukadiria umbali mwingine. Mhandisi mmoja Mmarekani, Peter Riegel, alitoa kanuni mwaka 1977 ambayo bado inatumika: ukiongeza umbali mara mbili, muda hauongezeki mara mbili kamili, unaongezeka kama mara 2.08. Kwa hiyo wa dakika 30 kwa kilomita 5 anakisiwa dakika 62 na nusu kwa kilomita 10. Nusu marathon, kilomita 21.1, inakuja kama saa 2 na dakika 18. Ni kisio tu, tena kwa mtu ambaye mwili wake umezoea umbali huo. Mimi ningejua hesabu hii kabla ya Moshi ningeona kwamba hata kilomita 5 zenyewe sina muda wake wa kuweka kwenye kanuni!

Kwa wa mwanzo, dakika 30 kwa kilomita 5 ni dakika 6 kwa kila kilomita. Dakika 35 ni dakika 7 kwa kila kilomita. Kuongeza umbali nenda kidogo kidogo: wiki tatu unaongeza, wiki ya nne unapunguza. Mbio moja ya wiki iwe ndefu kuliko nyingine, lakini isiwe ndefu kuliko nyingine zote ukizijumlisha.

ANDIKA MALENGO MATATU, SIO MOJA

Lengo moja likivunjika Februari, mwaka mzima umeisha. Andika la chini, la kati na la juu. La chini liwe kitu utakachotimiza hata ukiugua, hata kibarua kikibana, hata mitihani ikija. La kati ni la mwaka wa kawaida. La juu ni la mwaka ambao kila kitu kimekwenda sawa.

Mzee John Stephen Akhwari kila mtu anamtaja kwa Mexico City 1968, alivyoanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Sawa. Lakini kuna mambo mawili huwa hayasemwi. La kwanza, walioanza walikuwa 75 na waliomaliza 57, kwa hiyo wapo 18 ambao hawakufika kabisa. La pili, hakuishia pale. Mwaka 1970 alikwenda michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, akakimbia marathon kwa saa 2 na dakika 15, akashika nafasi ya 5. Lengo lake la juu lilivunjika Mexico kwenye kilomita za katikati, akashuka kwenye la chini, akalitimiza, halafu akarudi kambini. Hiyo sehemu ya kurudi kambini ndiyo ninayoipenda mimi.

VITU VIDOGO VINAVYOUA MALENGO MAKUBWA

Viatu. Raba ya mtumba pale Rangi Tatu inatosha kabisa, ila ibonyeze soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama tofali, imeshakufa, iache hata kama rangi inavutia. Ikunje: ikikunjika katikati kama chapati, iache pia. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba.

Barabara. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo wewe kimbia kulia, uyaone yanayokuja. Spika za masikioni acha nyumbani kukiwa na giza. Vaa fulana nyeupe. Dereva wa daladala wa saa 11 ana usingizi kuliko wewe.

Dada zetu. Najua mnavyosumbuliwa njiani, na sitawaambia eti "msiwajali". Tafuteni vikundi vya jogingi. Temeke nzima imejaa, Jumapili alfajiri unawasikia na ngoma na nyimbo zao, fulana za rangi moja. Wanakimbia mwendo wa pole, wanasubiri wa nyuma, na hakuna mhuni anayethubutu kutia neno mbele ya watu 60. Kwa anayeanza, hata kaka, hapo ndipo pa kuanzia kuliko kukimbia peke yako.

Maji na chakula. Kunywa usiku kabla ya kulala na ukiamka tena kidogo. Baada ya mbio ndefu maji matupu hayatoshi, weka na chumvi kidogo kwenye chakula, au kunywa dafu ukilipata kwa bei nzuri. Uji na ndizi moja kabla ya kutoka panatosha. Supu na chapati ni baada.

Dalili za joto. Kizunguzungu, kichefuchefu, baridi mwilini wakati kuna jua, simama hapo hapo. Nenda kivulini. Mwenzio akianza kuongea ovyo, hiyo ni dharura, usisubiri: mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpeleke hospitali. Usimlazimishe kunywa kama hajitambui, atapaliwa.

Kuweka kumbukumbu. Programu za simu za kupima mbio ni nzuri, na GPS ya simu inashika bila bando, bando linahitajika baadaye kupandisha tu. Lakini mimi bado ni mtu wa daftari. Tarehe, dakika, nilijisikiaje. Mistari mitatu. Goti lilipoanza tena kuuma mwaka juzi nilirudi nyuma kurasa mbili nikaona nilikuwa nimeongeza umbali wiki tano mfululizo bila kupunguza. Daftari lilinisuta.

Basi, kwa faida ya wote, haya ndiyo niliyoandika mimi kwa mwaka unaokuja. La chini: mara 2 kwa wiki, mwaka mzima, hata kama ni dakika 20. La kati: kilomita 10 chini ya dakika 60 mwezi wa saba, uwanja ule ule wa shule, mizunguko 29. La juu: nirudi Moshi, si Februari hii, ya mwaka unaofuata, nipande mpaka nigeuke bila kutembea.

Mshkaji wa Mbande naye ameandika. Kilomita 10, Oktoba. Chini yake kwa wino mwekundu ameweka: "saa 11 alfajiri au nisiende". Karatasi ameibandika mama yake mwenyewe ukutani.

Wewe weka yako hapo chini, na useme uko mtaa gani, tunaweza kukutana Jumapili.

Nawakilisha.